Kabla ya Kununua Mabehewa ya Reli ya Mfano

Reli ya mfano ni reli ndogo iliyoundwa kwa kupunguza vipimo vya reli halisi, yenye kichwa cha treni kinachokwenda kwa umeme na mabehewa yanayovutwa nyuma yake. Hapa nchini bidhaa hii haina maduka mengi. Wanaoipata huletewa na ndugu walioko ughaibuni, huagiza kupitia intaneti, au huikuta katika mizigo ya mitumba ikiwa imechanganywa na vitu vya kuchezea watoto. Njia hizo tatu zinafanana katika jambo moja: mnunuzi hana mbele yake muuzaji mwenye ujuzi wa kumwuliza, na mara nyingi hana hata maelezo ya matumizi katika lugha anayoisoma kwa wepesi.

Gharama nayo si ndogo. Katika maduka ya Ulaya behewa moja jipya lenye ubora huuzwa kwa makumi ya euro, na kichwa cha treni kwa mamia; juu yake huja nauli ya mzigo na ushuru wa forodha. Mlaji aliyetoa fedha kiasi hicho anastahili kupata treni inayokwenda, si pambo la kabatini. Tumechagua kuzungumzia mabehewa hasa kwa sababu wanunuzi wengi hukitazama kichwa cha treni tu na kuyahesabu mabehewa kuwa nyongeza. Treni ya mabehewa 10 yenye ekseli nne nne ina ekseli 40 na magurudumu 80 nyuma ya kichwa kimoja. Gurudumu moja likiwa limekaa vibaya, treni huacha njia, na lawama huangukia kichwa cha treni, fundi aliyeitandika njia, au mtoto aliyekuwa akiiendesha.

Uwiano na upana wa njia

Jambo la kwanza la kutafuta kwenye boksi ni uwiano, yaani kiasi ambacho kitu halisi kimepunguzwa. Uwiano unaotumika zaidi duniani ni ule uitwao HO, ambao ni 1:87. Kila sentimita 87 za reli halisi huwa sentimita 1 katika mfano, na njia yake ina upana wa milimita 16.5 kutoka reli hadi reli. Uingereza hutumia zaidi uwiano wa OO, ambao ni 1:76, lakini juu ya njia ileile ya milimita 16.5. Hapo ndipo wengi hunaswa. Behewa la OO na behewa la HO hupita katika njia moja bila taabu, ila ukiyaweka sambamba, la Kiingereza huonekana kubwa kwa karibu asilimia 14. Kwa mtoto wa miaka minane huenda hilo lisiwe neno. Kwa mtu anayekusanya treni ifananayo na ile aliyoiona kwa macho yake, ni fedha iliyopotea.

Uwiano mdogo zaidi, N, hupita katika njia ya milimita 9, nao ni 1:160 katika Ulaya bara na Marekani lakini 1:148 Uingereza. Ule mkubwa, O, una vipimo vitatu kulingana na nchi: 1:43.5, 1:45 na 1:48. Kwa hiyo herufi peke yake haitoshi. Soma namba, na kama tangazo la muuzaji halina namba, mwulize kabla ya kulipa.

Msomaji anayetamani kuunda mfano wa reli za hapa nchini atahitaji hesabu kidogo, nayo ni hesabu ya kufurahisha. Tanzania ina reli za upana wa aina tatu: milimita 1,000 katika Reli ya Kati ya zamani, milimita 1,067 katika TAZARA, na milimita 1,435 katika SGR. Gawanya kila moja kwa 87. SGR inatoa milimita 16.5, ambayo ndiyo njia ya HO ya kawaida. TAZARA inatoa 12.3 na Reli ya Kati 11.5. Hizi mbili za mwisho hutoshelezwa na njia ya milimita 12, ambayo katika Ulaya huuzwa kwa jina la HOm na hutumika sana kwa mifano ya reli za milimani za Uswisi. Behewa lililoandikwa HO bila ile herufi m halitapita juu yake, hata kama picha ya kwenye boksi inafanana mno na behewa ulilopanda kwenda Kigoma.

Lipo jambo jingine linalofichwa na herufi hizo, nalo ni urefu. Behewa la abiria la kisasa la Ulaya lina urefu wa mita 26.4. Likipunguzwa mara 87 linapaswa kuwa na sentimita 30.3. Lakini behewa refu namna hiyo haliwezi kupita kona kali za reli inayotandikwa juu ya meza ya chakula, hivyo watengenezaji wengi huufupisha urefu peke yake hadi 1:93.5, ambao ni sentimita 28.2, au hata 1:100, ambao ni sentimita 26.4, huku upana na kimo vikibaki vya 1:87. Si udanganyifu, ilimradi imeandikwa. Mnunuzi na achague akijua. Aliye na nafasi ndogo atayapenda mafupi; mwenye chumba kizima atayaona yamekatwa madirisha.

Kuhusu kona zenyewe, kanuni inayosaidia ni kwamba nusukipenyo cha kona kiwe walau mara tatu ya urefu wa behewa. Behewa la sentimita 30 linataka nusukipenyo cha sentimita 90 ili lipite kwa raha na kwa sura nzuri. Watengenezaji huandika kipimo cha chini ambacho bidhaa yao inaweza kupita, na katika seti za Kiingereza mara nyingi ni milimita 438. Kipimo hicho humaanisha kwamba behewa halitaanguka likiwa jipya, kwa mwendo wa wastani, juu ya njia iliyonyooka vizuri. Kina ahadi hiyo tu.

Magurudumu

Tungependa msomaji atumie muda mwingi zaidi hapa kuliko kwenye rangi na maandishi. Rangi ndiyo inayouza behewa. Magurudumu ndiyo yanayolipeleka.

Magurudumu ya plastiki ni ya bei nafuu na hayaleti shoti, ila hukusanya uchafu mweusi na kuupaka juu ya reli. Reli ikichafuka, umeme haufiki vizuri kwenye kichwa cha treni, nacho huanza kusita na kuruka. Mwenye treni hudhani mota imekufa. Magurudumu ya chuma husafishika kwa urahisi, huongeza uzito mahali unapotakiwa, yaani chini, na hutoa ule mlio wa kugonga viungo vya reli ambao kwa baadhi yetu ni nusu ya starehe. Magurudumu ya plastiki yaliyo mazima hayana ubaya wa kumkatisha mtu tamaa, lakini ukipewa mabehewa mawili yanayolingana kwa kila hali, chukua lenye magurudumu ya chuma.

Tazama ukingo wa gurudumu, ile sehemu iliyojitokeza kwa ndani inayolizuia lisitoke njiani. Katika bidhaa za zamani ukingo huu ulikuwa mrefu kupita kiasi. Juu ya reli za kisasa, ambazo ni fupi kwa kimo, ukingo mrefu hugonga vishikizo vinavyoibana reli juu ya mataruma, na behewa hutembea kwa kurukaruka kama baiskeli juu ya mawe. Kimo cha reli huandikwa kwa namba ya kodi: kodi 100 ni reli ya milimita 2.5 na kodi 83 ni ya milimita 2.1. Mabehewa ya zamani hufaa zaidi katika kodi 100. Kwa bidhaa za Marekani tafuta maandishi RP-25, ambayo ni umbo la gurudumu lililopendekezwa na chama cha wapenzi wa reli za mfano cha nchi hiyo, NMRA, kilichoanzishwa mwaka 1935.

Kisha pima umbali kati ya gurudumu na gurudumu la ekseli moja, kwa upande wa ndani. Katika HO umbali huo huwa karibu milimita 14.4, na katika OO hukaribia 14.5. Magurudumu yakikaribiana mno, behewa hupanda juu ya pointi, yaani pale njia inapogawanyika. Yakiachana mno, hubana na kunyanyuka. Wenye mazoea hutumia kipande cha bati la chuma kilichokatwa kwa vipimo rasmi, ambacho NMRA hukiuza kwa wanachama na wasio wanachama. Kalipa ya fundi wa vyuma nayo inatosha. Kasoro hii ni ya kawaida hata katika bidhaa mpya, na mara nyingi hurekebishwa kwa kuyazungusha magurudumu taratibu juu ya ekseli yake huku ukiyavuta au kuyasukuma. Isikufanye ukatae behewa zuri, lakini itumie kudai punguzo.

Jaribio la tatu halihitaji kifaa. Chukua kipande cha njia kilichonyooka chenye urefu wa mita 1, inua ncha yake moja sentimita 2 au 3, uweke behewa juu na uliachie. Behewa jema huanza kushuka lenyewe. Likibaki limesimama, ekseli zinabana, au ncha zake zimechakaa, au nyuzi za zulia zimejisokota ndani, jambo ambalo katika mitumba ni la kila siku. Mabehewa matano yanayobana humfanya mwenye treni anunue kichwa cha treni chenye nguvu zaidi bila sababu.

Jaribio la nne ni kwa ajili ya umeme. Mifumo mingi ya HO na OO hupitisha umeme katika reli mbili, moja chanya na moja hasi, hivyo gurudumu la kushoto na la kulia lazima yatenganishwe. Upo pia mfumo wa kampuni ya Märklin ya Göppingen, Ujerumani, ambao hupokea umeme kupitia vijiti vidogo vilivyo katikati ya njia, na kwa sababu hiyo magurudumu ya mabehewa yake huweza kuwa yameunganishwa. Ni bidhaa nzuri, imara, inayopatikana kwa wingi katika mitumba ya Ujerumani. Ukiiweka juu ya njia ya reli mbili huleta shoti papo hapo. Chukua mita ya umeme, ile atumiayo fundi redio, uguse magurudumu mawili ya ekseli moja. Ikilia, behewa hilo si la njia ya reli mbili mpaka libadilishwe ekseli. Behewa lenye taa za ndani huweza kuonyesha mpito hafifu wa umeme, na hilo ni la kawaida.

Uzito na viunganishi

Behewa jepesi huacha njia kwenye kona, hasa likiwa katikati ya treni ndefu. NMRA inapendekeza kwamba behewa la HO liwe na wakia 1, kisha nusu wakia kwa kila inchi ya urefu wake. Kwa vipimo vyetu ni gramu 28, na juu yake gramu 5.6 kwa kila sentimita. Behewa la sentimita 15 basi linapaswa kuwa na gramu 112 hivi. Kwa uwiano wa N ni gramu 14 na kisha karibu gramu 1.7 kwa kila sentimita. Mizani ya jikoni inatosha. Mabehewa mengi yanayouzwa, hata ya gharama, yana upungufu, na kuongeza uzito si kazi ngumu: nati za chuma zikigandishwa ndani, chini kabisa na katikati, zinamaliza tatizo. Vitabu vya zamani vya ufundi huu hupendekeza vipande vya risasi. Tunashauri visitumike katika nyumba yenye watoto, kwa kuwa risasi ni sumu na vumbi lake hubaki mikononi.

Viunganishi ni suala la ulinganifu kuliko la ubora. Mabehewa ya Marekani ya leo hushikana kwa kiunganishi kinachofanana na ngumi iliyokunjwa, kama cha treni halisi; ya Uingereza hutumia ndoano pana juu ya chuma cha mlalo; ya Ulaya bara hutumia kitanzi. Aina hizi hazishikani. Mabehewa ya Marekani ya miaka ya nyuma yana aina ya nne, ya plastiki yenye pembe, ambayo hata yenyewe kwa yenyewe hushikana kwa shida. Kinachomwokoa mnunuzi ni tundu la kawaida lililowekwa na shirika la Ulaya la viwango vya reli za mfano, lenye namba NEM 362. Behewa lenye tundu hilo hubadilishwa kiunganishi kwa kuchomoa na kuchomeka, bila bisibisi. Mwulize muuzaji swali hilo moja tu: lina tundu la NEM 362 au halina? Jibu lake litakuonyesha pia kama anaijua bidhaa anayoiuza.

Juu ya rangi, tutasema machache. Tazama maandishi kwa kioo cha kukuza. Yakiwa na kingo zilizotawanyika, uchapaji ni wa haraka. Vishikio na ngazi vilivyobandikwa kimoja kimoja hupendeza na huvunjika. Kwa mtoto, nunua behewa ambalo ngazi zake zimetokana na mwili uleule wa plastiki.

Umeme wa nyumbani

Seti kamili huja na transfoma ya kuchomeka ukutani. Hapa tunamtaka msomaji asipite haraka. Umeme wa Marekani ni volti 120. Wa Tanzania ni volti 230. Transfoma iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, ikichomekwa hapa, hupata karibu mara mbili ya umeme iliyoundiwa. Huungua, na huweza kuwasha moto juu ya zulia ambalo watoto wamelilalia kifudifudi wakitazama treni. Adapta ya plagi inayouzwa dukani kwa bei ya chini hubadilisha umbo la miguu ya plagi. Haibadilishi volti hata moja. Zawadi iliyotumwa kwa upendo na shangazi aliyeko Minnesota ndiyo yenye hatari hii zaidi, kwa kuwa hakuna anayedhania kwamba ina kasoro. Nayo kweli haina kasoro. Ni ya nchi nyingine.

Geuza transfoma usome mgongoni. Ikiwa imeandikwa kwamba inapokea volti 100 hadi 240, inafaa. Ikiwa imeandikwa 120 pekee, iweke kando, ununue inayofaa ambayo hutoa umeme uleule ulioandikwa kwenye seti. Kwa mifumo mingi ya kawaida ya HO na OO ni volti 12 za mkondo wa moja kwa moja. Transfoma za Uingereza hufaa hapa zilivyo, hata plagi zake. Zile za zamani zenye waya uliofunikwa kwa kitambaa, au zenye ganda la chuma bila waya wa ardhi, zisitumike hata kama zinafanya kazi.

Kitu cha kuchezea au kitu cha mkusanyaji?

Swali hili si la maneno. Katika Umoja wa Ulaya, vitu vya kuchezea vimekuwa vikisimamiwa na Maelekezo namba 2009/48/EC, ambayo yanaweka mipaka ya kemikali katika rangi, ya vipande vidogo vinavyoweza kumkaba mtoto, na ya umeme usiozidi volti 24. Lakini bidhaa iliyoandikwa waziwazi kwamba imekusudiwa wakusanyaji wenye umri wa miaka 14 na zaidi haihesabiwi kuwa kitu cha kuchezea chini ya maelekezo hayo. Mabehewa mengi ya ubora wa juu yana maandishi hayo. Maana yake ni kwamba hayakulazimika kupimwa kama vitu vya kuchezea. Vishikio vyake ni vikali na ekseli zake zina ncha kama sindano. Bei kubwa haimwongezei mtoto usalama, na pengine humpunguzia.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, treni ya umeme haifai kabisa. Treni za mbao zinazosukumwa kwa mkono ndizo zake, nazo pia zina la kuangaliwa. Juni 2007 takriban vipande milioni 1.5 vya treni za mbao vilirejeshwa kutoka sokoni nchini Marekani kwa sababu rangi yake ilikuwa na risasi. Vitu vya mbao havichakai upesi, hivyo hupita kutoka mtoto hadi mtoto na kutoka nchi hadi nchi. Treni ya mbao ya mtumba ambayo rangi yake inabanduka isinunuliwe. Vuta pia sumaku zilizo kwenye ncha za mabehewa, zikitikisika, acha. Mtoto akimeza sumaku mbili, huvutana ndani ya tumbo na kutoboa utumbo, na hapo ni hospitali mara moja, bila kusubiri dalili.

Mitumba, na maradhi ya zinki

Hatupingi mitumba. Behewa la plastiki la miaka ya 1980, likisafishwa na kuvishwa magurudumu mapya ya chuma, huweza kulishinda jipya la bei ya chini. Ila yapo maradhi ambayo hayana tiba, nayo hushika sehemu zilizomiminwa kwa aloi ya zinki: vitako vya mabehewa, vitako vya vichwa vya treni, na vipande vya uzito. Aloi ikiwa na uchafu wa risasi hata kidogo, baada ya miaka huanza kuvimba, kupasuka na mwishowe kumomonyoka kama biskuti. Bidhaa zilizotengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndizo zenye sifa hiyo mbaya, lakini baadhi ya zile za miaka ya 2000 nazo zimeugua. Tazama kama kitako kimepinda kuelekea juu kwenye ncha, kama rangi imenyanyuka, kama kuna nyufa nyembamba kama nywele au unga wa kijivu ndani ya boksi. Omba picha ya upande wa chini. Muuzaji atakayetuma picha tano za ubavuni na asitume hata moja ya chini ametosha kueleweka.

Lugha ya matangazo nayo ina kamusi yake. Neno linaloleta hasara kuliko yote ni «haijajaribiwa». Kumjaribu farasi kwahitaji farasi akimbie. Behewa lahitaji kusukumwa kwa kidole tu. Muuzaji aliyeshindwa kufanya hivyo ama hakujali ama anajua matokeo. «Toleo maalumu» halisemi lolote kuhusu idadi isipokuwa idadi hiyo imechapishwa. «Boksi lake la asili» huongeza bei kwa mkusanyaji; kwa anayetaka kuendesha treni ni karatasi.

Ununuzi uliofanyika hapa nchini una kinga ya kisheria. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Na Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji. Behewa lililotangazwa kuwa la HO likaja la OO ni dai la wazi kabisa, hata kama ni zima. Kwa muuzaji aliye nje ya nchi mambo ni magumu zaidi. Sheria za Ulaya humpa mnunuzi wa mbali siku 14 za kubadili nia, lakini hizo humfunga mfanyabiashara, si mtu binafsi anayeuza vitu vya dari lake, na mlaji aliyeko Mwanza asizihesabu kuwa haki iliyo mfukoni. Nguvu yake iko katika njia ya malipo. Lipa kwa njia inayoruhusu fedha kurejeshwa, usitume fedha taslimu kwa mtu usiyemjua, wala usikubali kuhamishwa kutoka kwenye mfumo wa malipo wa soko la mtandaoni hata kwa ahadi ya punguzo.

Hifadhi tangazo kama lilivyokuwa siku uliyonunua, kwa kuwa huweza kufutwa. Mzigo ukifika, piga picha kabla ya kuufungua na wakati wa kuufungua, kisha fanya yale majaribio manne ya magurudumu siku hiyohiyo, kabla ya kubandika wala kubadilisha chochote. Behewa lililofunguliwa skrubu ni vigumu kurudishwa. Ukiona kasoro, mwandikie muuzaji kwa maandishi ukitaja kipimo ulichokipata na kile kilichoahidiwa. Muuzaji wa hapa nchini asipojibu, lete ofisini kwetu nakala ya tangazo, risiti na picha. Behewa lenyewe libaki nalo nyumbani, ndani ya boksi lake, mpaka tutakapoliomba.